Neno "Vumilia" si Dawa ya Ziwa

Liko neno moja ambalo mwanamke mzazi hulisikia tangu siku ya kwanza ya kumpakata mtoto wake, nalo ni neno "vumilia". Mama mkwe hulisema, jirani hulisema, wanawake wa kanisa waliokuja kumpongeza hulisema, na mara nyingine hata mkunga aliyesomea kazi yake hulisema huku akipita kwenda kitanda cha pili. Mtoto huwekwa ziwani, mama hufumba macho, vidole vya miguu hujikunja, machozi humtoka. Na watu waliomzunguka humcheka kwa upole, wakamwambia ya kuwa ndivyo ilivyo, kila mwanamke amepita humo, kesho atazoea.

Sisi twaandika leo kulipinga neno hilo. Hatulipingi kwa kuwa uvumilivu ni kitu kibaya, la, bali kwa kuwa hapo lilipowekwa si mahali pake. Mtu aliyechomwa na mwiba haambiwi avumilie. Huinuliwa mguu, unyayo ukatazamwa, mwiba ukatolewa. Kwa nini basi mwanamke aliyepasuka chuchu aambiwe avumilie, wala asitokee mtu wa kutazama?

Jambo hili tumelijua kwa aibu yetu wenyewe. Mwalimu mwenzetu mmoja alipata mtoto wake wa kwanza, mtoto wa kiume mwenye nguvu, aliyezaliwa salama hospitalini. Siku ya pili mama akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya nne tulikwenda kuwatazama, sisi pamoja na wake zetu, tukachukua sukari na sabuni na kanga kama ilivyo desturi. Tulimkuta mzazi ameketi ukingoni mwa kitanda, ziwa moja limefunikwa kitambaa chenye alama ya damu. Bibi wa mtoto akatuambia, "Mwanangu huyu mwoga. Mtoto akilia, naye analia." Tukacheka sote. Mmoja wetu, mtu wa kupenda methali, akamwambia, "Mama, mvumilivu hula mbivu." Yule mzazi akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akatazama chini. Tukala wali, tukasali, tukaenda zetu.

Siku ya tisa homa ikampanda. Watu wakasema ni malaria, akanunuliwa vidonge dukani bila kupimwa. Mtoto alikuwa akilia usiku kucha, na bibi yake kwa huruma akamkorogea maji ya sukari, kisha maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa. Wiki ya tatu ziwa la kushoto lilivimba, likawa gumu na kung'aa. Alipofikishwa hospitali lilikuwa limekwisha kutunga usaha, likapasuliwa. Mtoto alishikwa na kuhara mara mbili kabla hajatimiza miezi mitatu, akakonda, hata majirani wakaanza kunong'ona ya kuwa amebemendwa. Yaani baada ya maumivu mama akapata na fitina. Mungu alisaidia, mtoto akapona, na leo yuko darasa la pili. Lakini ziwa hakulirudia tena tangu wiki ile, na fedha zilizokwenda katika makopo ya maziwa baba yake hapendi kuzitaja.

Mwanamke huyo alipozaa mara ya pili, maumivu yalianza vilevile. Safari hii alikutana na muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo asiyesema sana. Muuguzi hakumwambia avumilie. Alivuta kigoda, akaketi, akasema, "Mama, hebu mnyonyeshe nione." Akatazama. Kisha akatia kidole kidogo pembeni mwa mdomo wa mtoto, akamtoa ziwani bila kumvuta, akamgeuza tumbo kwa tumbo na mama yake, akangoja mtoto apanue kinywa kama apigaye miayo, ndipo akamsogeza upesi, kidevu kikitangulia. Mama akasema, "Bado yauma." Akamtoa, akaanza tena. Mara ya tatu mama akanyamaza, na mabega yake yakashuka. Hakupona siku ile ile. Chuchu iliyokwisha kupasuka ilimchoma siku nyingine nne au tano, ila kila siku ilipungua. Kazi yote haikupita nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo iliyokosekana mara ya kwanza, nasi tuliokuwapo tulileta methali badala yake.

Basi maumivu haya hutoka wapi? Wengi hudhani ya kuwa mtoto hunyonya chuchu. Sivyo, mtoto hunyonya ziwa. Akishika chuchu peke yake, chuchu hubanwa kati ya ulimi na kaakaa gumu, ikasuguliwa kila avutapo. Na mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 katika saa 24. Ni kidonda gani kitakachopona kikisuguliwa mara 12 kila siku? Lakini akijaza kinywa chake kwa sehemu ile nyeusi iizungukayo chuchu, hasa ya upande wa chini, chuchu hufika nyuma kinywani palipo laini, haisuguliwi tena, na ulimi hulikanda ziwa hata maziwa yakashuka.

Alama zake zaonekana kwa macho, wala hazihitaji chombo cha daktari. Kinywa kimepanuka sana. Mdomo wa chini umekunjukia nje. Kidevu chagusa ziwa. Na ule weusi huonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Alama nyingine ni chuchu yenyewe mtoto akiisha kuiachia: ikitoka mviringo, ni vema; ikitoka bapa, au imechongoka upande mmoja kama penseli iliyochongwa na mtoto wa darasa la kwanza, ilikuwa ikibanwa. Mama aweza kulitazama hilo mwenyewe, na mumewe aweza kulitazama pia.

Yako na makosa ya mpakato. Mama wengi huinama juu ya mtoto wakimpelekea ziwa, mgongo ukaumia na ziwa likachopoka kidogo kidogo hata ikabaki chuchu tu. Mtoto ndiye aletwaye kwenye ziwa. Mama aegemee kitu, mtoto alale akimwelekea, sikio lake na bega lake na nyonga yake vikiwa katika mstari mmoja, pua ikiielekea chuchu. Aliyejifungua kwa kupasuliwa tumbo asilazimishwe kuketi. Na alale kwa ubavu, au ampakate mtoto chini ya kwapa, miguu ya mtoto ikielekea nyuma, ili asigusane na kidonda.

Twaomba wasomaji watazame jambo jingine ambalo watu wachache hulifikiri. Kosa lile lile limwumizalo mama ndilo limnyimalo mtoto maziwa. Mtoto anayeng'ang'ania chuchu hupata kidogo kwa taabu nyingi. Hunyonya saa nzima asishibe, hulala kidogo, huamka akilia, wala haongezeki uzito. Na kwa kuwa maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka, ziwa lisilotolewa maziwa vema hupunguza kuyatengeneza. Hapo ndipo husemwa, "Huyu hana maziwa." Au husemwa maneno mabaya zaidi, ya kwamba mama au baba ametembea nje, naye mtoto amebemendwa. Tumewasikia watu wazima, wenye kushika Biblia mkononi, wakilisema hilo juu ya mwanamke aliyekuwa hajatoka nje ya nyumba yake tangu alipojifungua. Mtoto ana njaa kwa sababu ya namna anavyoshika ziwa, nao wamtafutia mama yake mshitaki! Walau wangalimwomba amnyonyeshe mbele ya mkunga kabla ya kumwita mzinzi.

Hatusemi ya kuwa hapana maumivu yoyote yaliyo ya kawaida. Kusema hivyo kungekuwa kuwadanganya wazazi wapya, nao wangetukamata kwa uongo siku ya pili tu. Siku za kwanza chuchu huwa nyepesi kuumia, na mvuto wa kwanza wa mtoto huweza kuchoma kidogo, kisha ukapoa kabla ya mtu kuhesabu hata 30. Tena tumbo huuma wakati wa kunyonyesha, kwa sababu kunyonya kwa mtoto huufanya mji wa uzazi ujikaze na kurudi mahali pake. Maumivu hayo huzidi kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa watoto wengine, nayo huisha katika siku chache. Hayo yana faida, kwani hupunguza kutoka damu. Na kati ya siku ya pili na ya tano maziwa yanapojaa, matiti huwa mazito na yenye joto. Maumivu hayo mama aelezwe mapema, ili asiogope. Lakini maumivu yasiyokoma mtoto akiendelea kunyonya, au yatoayo damu, au yamfanyayo mama aogope kilio cha mtoto wake mwenyewe, hayo si ya kawaida hata kama yamempata kila mwanamke wa kijiji. Funza pia zamani ziliwapata watu wengi.

Sasa twajua watakaotujibu kwa Maandiko. Watasema ya kuwa katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 3, mwanamke aliandikiwa uchungu, basi nani sisi hata tumwondolee? Neno hilo tumelisikia katika mazungumzo ya barazani, na mara moja tulilisikia kanisani. Tuwajibu ya kwamba waisome tena aya hiyo, maana yanena habari ya kuzaa, wala hainenei kunyonyesha hata kidogo. Ziwa la mama likitajwa katika Maandiko, mara nyingi hutajwa kuwa mfano wa faraja; Isaya katika mlango wa 66 alipotaka kueleza jinsi Yerusalemu itakavyowafariji watu wake, hakupata mfano ulio bora kuliko mtoto anyonyaye akashiba. Nabii aliliona ziwa kuwa mahali pa raha. Sisi tumeligeuza kuwa mahali pa kujaribiwa.

Wala hoja hiyo si mpya. Mwaka 1847 huko Edinburgh daktari James Young Simpson alianza kuwapa wanawake dawa ya klorofomu wasisikie uchungu wa kuzaa. Palikuwa na hoja za kidini zilizomkataza kwa aya ile ile ya Mwanzo, naye mwaka ule ule akaandika kijitabu cha kuzijibu, akikumbusha ya kwamba Mungu mwenyewe alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Mwaka 1853 Malkia Victoria, aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, alipewa klorofomu na daktari John Snow alipomzaa mwanawe Leopold. Ikiwa aya hiyo haikumzuia malkia kupunguziwa uchungu wa kuzaa, ambao ndio uliotajwa, itawezaje kumzuia mke wa mkulima kupunguziwa uchungu wa ziwa, ambao haukutajwa?

Wazee wetu nao wana neno, na kwa heshima yao yatupasa kulijibu vizuri. Husema, "Sisi tulizaa kumi, wala hatukufundishwa na mtu kunyonyesha." Twasema walifundishwa, ila hawakuliita somo. Msichana wa zamani alikua akiona shangazi na dada zake wakinyonyesha kila siku uani. Alipojifungua, mama yake alikaa naye mpaka arobaini ikaisha, akimshika mtoto kwa mikono yake na kumweka vema, pasipo maneno mengi. Siku hizi binti amekulia shule ya bweni, ameolewa mbali na kwao, huzaa hospitali akatoka kesho yake, na mama yake humwuliza hali kwa simu. Simu haioni kama mdomo wa mtoto umekunjukia nje. Tena, wazee wetu watusamehe, wale waliozaa kumi hawakulea kumi. Waliokufa wachanga hawapo barazani kutoa ushahidi wao.

Lakini lawama kubwa si ya wazee. Ni ya sisi tuliosoma. Kila mwaka, tarehe 1 hata 7 Agosti, huadhimishwa juma la unyonyeshaji. Picha hubandikwa zahanati, hotuba hutolewa, na kila mtu husema ya kuwa maziwa ya mama ni bora. Ni kweli, ni bora. Mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza, apewe ile dang'a ya njano ambayo zamani wengine waliimwaga wakidhani ni uchafu, asipewe hata maji mpaka miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata miaka miwili au zaidi. Hayo yote twayahubiri, na matunda yake yameonekana: uchunguzi wa taifa la Tanzania wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta katika kila watoto 100 wasiotimiza miezi 6, watoto 41 walionyonya maziwa ya mama peke yake, ule wa mwaka 2022 ulikuta 64. Twashukuru. Lakini wale 36 waliobaki mama zao wamekwisha kuisikia hotuba. Hatusemi wote waliachishwa na maumivu. Wengine huenda shambani alfajiri, wengine huogopa maneno ya wakwe, wengine wana sababu zao. Twasema tu ya kuwa mwanamke mwenye chuchu zilizopasuka hahitaji kuambiwa mara ya mia ya kwamba maziwa yake ni bora. Analijua hilo, ndiyo sababu analia.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa hatua 10 za kufuatwa na kila hospitali izalishayo. Hatua ya tano ilitaka mama waonyeshwe namna ya kunyonyesha. Kuonyeshwa, si kuambiwa! Hatua hizo zilipoandikwa upya mwaka 2018, hiyo ya tano ilitaja waziwazi ya kuwa mama asaidiwe katika shida za kawaida za kunyonyesha. Basi mkunga akisema "ni kawaida" akapita, amelisoma neno moja la hatua hiyo na kuliacha jingine. Twajua ya kuwa wakunga ni wachache na vitanda vimejaa, hatuwatupii mawe. Lakini mwenye duka la maziwa ya kopo hana haraka. Yeye humsikiliza mama mpaka mwisho, kisha humpa kitu cha kushika mkononi. Mwaka 1981 mataifa yalikubaliana kanuni za kuwazuia wauzaji hao wasijitangaze hospitalini na majumbani. Kanuni ni njema, walakini kopo litaendelea kushinda ikiwa upande wetu hatuna kitu ila neno "vumilia".

Tuseme sasa yaliyo hatari, maana hapo uvumilivu huua. Ziwa likivimba sehemu moja, likawa gumu, lenye joto na kuuma, na mama akapata homa na kutetemeka, asifikiriwe malaria tu, ajapokuwa kweli anakaa penye mbu. Apimwe malaria, na ziwa nalo litazamwe siku hiyo hiyo. Wala asimwachishe mtoto. Wengi hudhani maziwa ya ziwa hilo ni sumu. Si sumu, mtoto aendelee kunyonya, maana maziwa yakizuiliwa uvimbe huzidi. Kitambaa kilichochovywa maji baridi hupunguza uvimbe. Wale wanaolikanda ziwa kwa nguvu zote za mikono mpaka mama apige kelele, na waache. Huyaumiza yaliyo ndani na kuongeza uvimbe. Homa isipopungua katika siku moja, huenda zikahitajika dawa za kuua vijidudu, nazo ni za kupewa na mganga wa zahanati. Uvimbe ukibaki kama yai na usaha ndani, hautaisha kwa majani wala kwa maombi peke yake. Ni wa kutolewa hospitali, na hata hapo mtoto aweza kuendelea na ziwa la pili. Kinywa cha mtoto kikiwa na utando mweupe usiofutika, na mama akasikia kuungua hata baada ya kunyonyesha, watibiwe wote wawili kwa pamoja. Na yako matoto machache ambayo ukano wa chini ya ulimi ni mfupi, wala hayawezi kuutoa ulimi vema. Mkunga mzoefu hulitambua hilo.

Dawa za maumivu zenyewe huogopwa bure. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo chake, mama anyonyeshaye huweza kumeza bila kumdhuru mtoto, isipokuwa mwenye ugonjwa mwingine wa kumzuia, kama vidonda vya tumbo kwa hiyo ya pili. Zisizofaa ni kodeini na tramadoli, kwa sababu huweza kupita katika maziwa na kumpa mtoto usingizi mzito na kumzuia pumzi. Idara ya dawa ya Marekani iliwaonya wanyonyeshaji juu ya hizo mwezi wa Aprili mwaka 2017. Basi mtu asiokote kidonge cha jirani.

Tena yuko mwanamke mmoja ambaye neno "vumilia" ni hatari kwake kuliko kwa wote. Ni yule anayeishi na virusi vya UKIMWI. Akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, huruhusiwa kunyonyesha chini ya uangalizi wa kliniki, na hatari ya kumwambukiza mtoto huwa ndogo sana. Lakini chuchu yenye damu au ziwa lenye uvimbe huiongeza hatari hiyo. Yampasa akamue maziwa ya upande huo na kuyamwaga mpaka upone, amnyonyeshe upande ulio mzima, na kwenda kliniki pasipo kungoja siku yake ya mwezi. Sasa fikirini: huenda nyumbani hapana aijuaye siri yake. Ameketi kati ya wifi na mama mkwe, damu inatoka, nao wote wanamhimiza ampe mtoto ziwa lile lile, avumilie. Atawajibu nini?

Nanyi wanaume wenzetu, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mwanamke hawezi kujitazama vema huku amemshika mtoto kwa mikono miwili. Wewe waweza kuona kidevu kilipo. Waweza kumwekea mto mgongoni, kumletea maji ya kunywa, kumzuia mgeni wa nne wa siku hiyo mlangoni, na kutafuta baiskeli au pikipiki ya kwenda zahanati usiku. Aliyeajiriwa anayo haki yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, na akirudi kazini muda usiozidi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Shamba halina sheria, ila lina mwenyewe, naye ni wewe. Jembe lake laweza kungoja.

Mzee au mwalimu atakaye kutujibu, na atujibu, tutafurahi kusoma. Ila kabla hajaandika twamwomba jambo moja. Aende katika nyumba moja yenye mzazi wa siku nne au tano, yeye au mkewe, na asimwulize mtoto ana uzito gani wala amefanana na nani. Amwulize mama, "Mtoto akishika ziwa, yauma? Yauma mwanzo tu, au mpaka mwisho?" Kisha angoje jibu, hata kama bibi wa mtoto atataka kujibu kwanza. Na alete barua yake pamoja na jibu hilo.